Nani atamwagilia likizo?

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, pale unaposema ulichaguliwa mwenyekiti wa klabu ya mazingira kwa sababu ulikuwa umesinzia na hukuwahi kukataa. Mara ya pili nilitulia, maana umeniuliza swali la kweli: mbona siku ya kupanda miti huwa mnajaa uwanja mzima, na wiki inayofuata mnabaki sita?

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa na umri wako, shule yetu iliadhimisha Siku ya Mazingira Duniani, tarehe 5 Juni. Mashimo tulichimba sisi tangu alfajiri. Mgeni rasmi akapanda mche mmoja, akapigwa picha, akapewa maji ya kunawa, akaondoka. Mche wangu niliupanda nyuma ya vyoo, nikaufunga kitambaa chekundu ili nisiupoteze. Tukafunga shule. Tuliporudi, kitambaa kilikuwepo, kinaning'inia kwenye kijiti kikavu. Hakuna aliyekuwa amepangiwa kumwagilia. Mwaka uliofuata tukachimba mashimo yale yale, na sitanii, udongo ulikuwa bado laini.

Kwa hiyo mimi siwalaumu hao waliopotea. Mtoto akiitwa kuchimba shimo, kisha asiambiwe shimo lile lilizaa nini, ataacha kuja, na akili zake ni timamu kabisa.

Unamjua Wangari Maathai kwa tuzo ya Nobeli ya mwaka 2004. Mimi nampendea jambo lisilosemwa sana: wanawake waliopanda miti chini ya harakati aliyoianzisha mwaka 1977 walipewa kijisenti kwa kila mche ulioshika, si kwa kila mche uliofukiwa ardhini. Hebu itafakari tofauti hiyo. Klabu yenu haina fedha, najua, lakini kuhesabu ni bure. Gawaneni miche, kila mtu na wake. Kwenye daftari andikeni tarehe, urefu, na kama uko hai. Uliokufa nao uandikwe, na sababu yake kama mnaijua: mbuzi, jua, mpira wa miguu.

Ila usiwaweke wenzako kwenye miti tu. Mti unachukua miaka, na wao wanataka kuona kitu wiki hii. Anza na bomba linalovuja. Sijaona shule isiyokuwa nalo. Weka chupa ya lita moja chini yake, mmoja wenu ashike saa. Ikijaa kwa saa moja, hizo ni lita 24 kwa siku, lita 168 kwa wiki. Kisha mwombeni anayetunza majengo awaonyeshe mita ya maji. Chagueni muda ambao hakuna anayetumia maji, isomeni, subirini saa nzima, isomeni tena. (Kama kuna tangi, hakikisheni limeshajaa, lisije likawadanganya.) Namba ikiwa imesogea, maji yanatoka mahali msipopaona. Yule rafiki yako anayesinzia kwenye hotuba, kama ulivyosinzia wewe, mpe kazi ya kupasaka hapo mahali. Utaniambia.

Mkishapima, nendeni kwa mwalimu mkuu na daftari mkononi. Akiambiwa "tutunze mazingira" ataitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi zake. Akionyeshwa lita 168 zinazopotea kila wiki nyuma ya bweni, na tarehe mlizopima, itamuwia vigumu kutomwita fundi. Na fundi akija, waite wote waliopima waje watazame. Usiwanyime hiyo raha.

Umeuliza pia kama nanyi mgome kama Greta Thunberg, yule msichana wa Uswidi aliyeacha masomo kudai hatua dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Yeye Agosti 2018 alikuwa na miaka 15, na siku ya kwanza alikaa peke yake nje ya bunge la Uswidi. Ikumbuke siku hiyo unapowahesabu hao sita wako. Lakini angalia alipokwenda kukaa: mlangoni kwa wanaotunga sheria, kwa kuwa alichokuwa anadai kilikuwa mikononi mwao. Bomba lenu liko mikononi mwa mwalimu mkuu. Likija jambo lililo juu yake, tutazungumza mimi nawe jinsi ya kulisema na kwa nani. Wala msikubali kuambiwa kwamba ninyi watoto ndio mtaiokoa dunia. Uchafu mwingi tumeufanya sisi wakubwa, na kuusafisha ni kazi yetu kwanza.

Likizo yenu ni baada ya wiki tatu. Kabla hamjafunga, tandazeni nyasi kavu kuzunguka kila mche ili udongo usikauke upesi, ila zisiguse shina, litaoza. Pangeni zamu kwa wanaokaa karibu na shule. Na mlinzi wenu mzee umsalimie vizuri, umweleze mapema, maana yeye ndiye anayebaki na ufunguo wa geti.

Niandikie zamu ya wiki ya kwanza imemwangukia nani. Kama ni wewe, tutakwenda wote, ndoo nitabeba mimi.

Mama yako