Kwa Nini Wakati Mwingine Tunakataa Kukuchua Mgongo

Mteja anapofika katika kituo chetu cha tiba ya viungo hapa Malindi akilalamikia mgongo, swali letu la kwanza si unamuuma wapi, bali unamuuma saa ngapi. Maumivu ya misuli, kama ya mvuvi aliyevuta jarife kutwa, kwa kawaida hupoa mtu anapolala. Yale yanayozidi usiku, hata yakamketisha mtu kitandani mpaka adhana ya alfajiri, hatuyapaki mafuta kabla hayajachunguzwa.

Mzee mmoja aliwahi kutufikia na ndara moja. Ya pili ilikuwa imemchomoka njiani naye hakuhisi. Hisia ikipotea namna hiyo, miguu ikawa mizito, ganzi ikapanda taratibu au mkojo ukawa mgumu kutoka, huenda kuna kitu kinachoubana ugwe, yaani ule mkanda wa neva upitao ndani ya pingili za uti. Mara nyingi huwa ni diski, yaani kile kifuko laini kati ya pingili, iliyochomoza, au kifua kikuu cha mifupa. Uvimbe unaoota ndani ya ugwe wenyewe ni nadra; kwa watu wazima aina inayoongoza ni ependimoma, na kwa watoto ni astrositoma.

Wengi hutuonyesha picha ya eksirei wakisema imetoka safi. Eksirei huonyesha mifupa, ugwe hauonekani. Kinachohitajika ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa sumaku, mara nyingi pamoja na sindano ya gadolini, dawa ya kung'arisha picha, mshipani ili uvimbe ujitokeze, tena sehemu inayopigwa iwe sahihi, kwa kuwa ugwe wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na picha ya kiuno pekee huweza kuukosa uvimbe ulioko kifuani au shingoni.

Matibabu ni ya daktari mpasuaji wa neva. Ependimoma mara nyingi ina mpaka unaoitenga na ugwe, hivyo huweza kutolewa yote chini ya hadubini. Astrositoma hujipenyeza, na huenda ikaondolewa sehemu tu, kisha mionzi ikafuata. Anayeingia chumba cha upasuaji akiwa bado anatembea ana matumaini makubwa zaidi ya kuendelea kutembea, ijapokuwa wengi hudhoofika kwa muda baada ya kupasuliwa, na hapo ndipo kazi yetu ya mazoezi inapoanza.

Ukija, lete picha zako zote, hata za zamani, na uvae ndara zako za kila siku, maana tutazikagua soli.