Barua kwa mwanangu: siku yako ya peke yako Europa-Park

Mwanangu Rukia,

Assalaam aleikum. Baba yako anakusalimu. Umesema wenzako wote wametoa udhuru na wewe bado unataka kwenda Rust, kile kimji cha Ujerumani penye bustani ya michezo ya Europa-Park. Nenda. Europa-Park ni mahali ambapo mtu mmoja akijua pa kusimama hupata michezo mingi kuliko kundi la watu wanne. Ila hana wa kumshikia mkoba, hana wa kumwekea nafasi, wala wa kumwambia kwamba ncha ya mtandio imechomoka. Hayo ndiyo yanayoharibu siku.

Anza na kuchagua tarehe. Jumamosi usiende. Jumatano pia iepuke: Rust iko karibu na mto Rhine, ng'ambo ni Ufaransa, na shule nyingi za msingi za Ufaransa hazisomeshi Jumatano. Tazama na kalenda ya shule za huko kwenu Baden-Württemberg. Zile wiki mbili za Pentekoste hujaa, na kuanzia mwisho wa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba ndiyo usiseme. Jumanne ya mwisho wa Juni ni siku nzuri, na hata ikiwa na manyunyu usiahirishe, maana Wajerumani wenye watoto hubaki nyumbani na foleni hufupika. Kinachosimamisha vyombo vya michezo vya nje ni radi na upepo mkali. Tiketi ni ya tarehe maalumu, kwa hiyo usiinunue kabla hujatazama hali ya hewa ya wiki ile.

Kutoka Freiburg panda treni ya mkoa inayokwenda Offenburg, ushuke Ringsheim/Europa-Park, kama nusu saa tu. Soma kibao kabla hujaingia: ile Deutschlandticket yako, tiketi ya mwezi, inakubalika kwenye treni za mkoa, RE na RB, lakini kwenye ICE, zile treni za mwendo kasi, hapana, na zipo ICE zinazosimama kituo hichohicho. Nje ya kituo kuna basi la kwenda langoni. Milango hufunguliwa saa tatu asubuhi, nao huandika 9:00. Wewe uwe umesimama pale nusu saa kabla.

Sasa foleni, na hapa nitakaa kidogo.

Kwenye rolakosta kubwa, yaani zile treni za michezo zinazopanda na kushuka kwa kasi, utaona mlango wa pembeni wenye kibao cha Single Rider, maana yake mpandaji wa peke yake. Huo ndio mlango wako. Chukua Silver Star, iliyofunguliwa mwaka 2002, kimo chake mita 73, mwendo wake karibu kilomita 130 kwa saa. Treni yake moja ina safu tisa za viti vinne vinne, watu 36. Baba, mama na mtoto mmoja wakikaa safu moja, kiti cha nne kimebaki wazi. Kikiondoka kitupu ni hasara, kwa hiyo mfanyakazi humwita wa kwanza kutoka ule mlango wa pembeni akijaze. Wewe unaishi kwa viti hivyo vilivyobaki. Familia za watatu na makundi ya watano watano ndiyo riziki yako. Kile kibao cha dakika kilichowekwa mbele kinahesabu foleni kuu, si yako.

Lakini mlango huo hauna miujiza. Rolakosta nyingine mbili, Blue Fire na Wodan, zina viti viwili viwili kwa safu. Siku iliyojaa wachumba, kila wawili hujaza safu yao na wewe unabaki umesimama. Na wakati mwingine darasa zima la wanafunzi hugundua ujanja huu, wakajigawa mmoja mmoja, na foleni yako ikawa ndefu kushinda ile kubwa. Kabla hujaingia, nyanyua shingo uhesabu vichwa. Ukiona zaidi ya thelathini mbele yako penye viti viwili, achana napo, rudi baadaye.

Jambo la pili: ukipita mlango huo hupewi haki ya kuchagua kiti, unakaa utakapoambiwa. Safu ya kwanza inakupa upepo na macho, hakuna kichwa cha mtu mbele yako. Safu ya mwisho inakupa ule mnyanyuko wa tumbo, kwa sababu sehemu kubwa ya treni imeshaanza kushuka na inaivuta ya nyuma ivuke kilele kwa kasi. Ni kama kukaa siti ya nyuma ya basi kwenye tuta. Kwa hiyo saa tatu kamili, kabla watu hawajajaa, ingia foleni ya kawaida kwenye kile unachokitaka kuliko vyote na uombe safu unayoitaka. Mlango wa pembeni utumie kuanzia saa tano, foleni kuu zikivimba.

Kwa maoni yangu hicho cha kwanza kiwe Voltron Nevera, kwenye eneo la Kroatia (bustani imegawanywa maeneo yenye majina ya nchi), kilichofunguliwa 2024 kwa mada ya Nikola Tesla. Kinakugeuza kichwa chini mara saba na watu wote hukikimbilia. Kisha Silver Star, kwenye eneo la Ufaransa humohumo bustanini. Blue Fire iko eneo la Iceland na hukuchomoa kutoka sifuri hadi kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 2.5, kwa sumaku za umeme, bila mnyororo. Wodan, jirani yake, imejengwa kwa mbao mwaka 2012, na hiyo iache mpaka jioni. Asubuhi ya baridi grisi ya magurudumu huwa nzito na treni huenda kivivu. Baada ya saa nane za kuzunguka magurudumu yamepata moto, na utaiona tofauti kwenye vile vilima vya mwisho.

Tazama pia programu ya simu ya bustani hiyo. Baadhi ya michezo ina VirtualLine: unajiwekea nafasi kwa simu, unaendelea na mambo yako mpaka muda wako ufike. Haina malipo. Ni kama kuwa na rafiki aliyekusimamia kwenye foleni, na kwako wewe uliye peke yako ndiyo faida yake. Ila simu ikizimika huna tiketi, huna VirtualLine, huna njia ya kurudi nyumbani. Chukua chaja ya mkononi iliyojaa, na tiketi uiprinti.

Mzigo. Kwenye rolakosta kubwa mkoba haupandi nao. Karibu na lango kuu kuna makabati ya kufunga. Weka humo koti, chakula na nguo ya kubadili. Mwilini baki na kipochi kidogo cha zipu chenye simu, kadi, kitambulisho na sarafu chache. Mifuko ya suruali iwe mitupu kabisa. Funguo za bwenini ukizidondosha pale juu, hazitaokotwa mpaka jioni chombo kisimame.

Mtandio sasa, usinikasirikie. Kitambaa kinachoning'inia hakiruhusiwi kwenye vyombo hivi, na wana haki: kinaweza kunasa kwenye magurudumu au kukukaba. Vaa ule wa kitambaa cha jezi kinachovutika, wa kuingiza kichwani, wenye kofia ya ndani. Pini zote ziache nyumbani, hata ile moja ya chini ya kidevu, kwa sababu vizuizi vya mabegani vikishuka huigandamiza shingoni. Ncha ziingize ndani ya blauzi, kisha funga zipu ya jaketi hadi juu. Kabla hujaingia foleni inama, tikisa kichwa kwa nguvu mara tatu. Kilichotoka hapo kitatoka na juu. Miwani ifunge kwa kamba ya nyuma ya kichwa.

Ukishakaa, sukuma mgongo na makalio hadi nyuma kabisa ndipo uteremshe kizuizi. Wanaokaa mbele ya kiti huacha mwanya, na kizuizi kinapojibana katikati ya safari huwaumiza mapaja. Na treni ikisimama ghafla kabla ya kufika kituoni, usihangaike. Reli imegawanywa vipande, na kila kipande huruhusiwa treni moja tu. Aliye mbele akichelewa kufunguliwa mkanda, aliye nyuma hushikwa na breki mpaka njia iwe wazi. Mara nyingi sababu ni mtu anayetafuta kiatu chake.

Chakula: soseji za Kijerumani nyingi ni za nguruwe hata zisipoonekana hivyo. Uliza, au tafuta neno Schwein. Samaki na chipsi zitakufaa, lakini bei ni za bustani, kwa hiyo beba chapati zako na maji. Kula saa tano na nusu, kabla ya Wajerumani, kisha tembea kwenye vitu vya taratibu muda wa saa moja. Tumbo tupu hutapisha sawa na tumbo lililoshiba, watu hawajui.

Adhuhuri mwishoni mwa Juni huko huingia karibu saa saba na nusu, na Alasiri karibu saa kumi na mbili kasorobo jioni, kwa hiyo Adhuhuri pekee ndiyo itakayokukuta katikati ya michezo. Bustani ni pana, tafuta nyasi penye utulivu. Dira ya kibla iweke kwenye simu kabla ya kuondoka.

Michezo ya maji, Poseidon na Atlantica, iwe ya mwisho kabla ya kwenda kabatini kubadili nguo, la sivyo utatetemeka hadi Freiburg. Kwenye boti za duara watakukalisha na familia ya watu. Wasalimie tu kwa Kijerumani chako.

Jioni, aliyeingia foleni kabla ya saa ya kufunga kwa kawaida huruhusiwa kupanda. Nenda Wodan dakika kumi kabla. Ukitoka, wale wengi watakuwa wamekimbilia basi la kwanza. Wewe liache, chukua koti lako kabatini bila haraka, panda la pili. Ratiba ya treni za jioni za Ringsheim ipige picha asubuhi, uhakikishe unaijua ile ya mwisho kabisa.

Huku tuko saa moja mbele yenu majira haya. Ukishakaa kwenye treni nitumie ujumbe wa sauti, hata saa nne usiku nitakuwa macho.

Mama yako