Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Fedha za Kuulinda Msitu Wetu

Wazee wetu, akina mama, vijana, na maafisa wa misitu mliofika hapa Isecheno, katika Msitu wa Kakamega, asanteni kwa kuja kwenye mkutano wa chama chetu cha msitu.

Kwa kawaida hupitia kazi ya kila kamati. Mwaka huu nitaanza na fedha, kwa sababu kamati zote zimekwama pale pale. Mradi uliokuwa ukilipa posho za skauti wetu, yaani wanajamii wanaofanya doria msituni, ulifika mwisho kabla ya mvua za masika. Mfadhili alitimiza ahadi yake, sina lawama naye. Skauti waliendelea kwa kujitolea, kisha mmoja mmoja wakaanza kukosekana. Hao pia siwalaumu, maana mtu mwenye karo ya kulipa hawezi kushinda msituni bure.

Haikuchukua muda tukayaona matokeo. Waliokwenda nami kukagua waliiona miti ya mwiritsa iliyochunwa gamba kuzunguka shina lote, toka chini mpaka mkono wa mtu unapofika. Ute ulikuwa bado unatoka, na alama za panga zilikuwa mbichi. Mwiritsa ukichunwa hivyo haufi siku hiyo. Majani hubaki kijani kwa muda hata ukadhani umepona, halafu matawi ya juu huanza kukauka. Gamba lake hutengenezewa dawa ya tezi dume ng'ambo, na biashara yake ya kimataifa iko chini ya CITES, mkataba wa mataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 1995. Lakini anayenunua kwa gunia usiku haulizi kibali. Posho ilikatika kwa miezi michache tu, na miti hiyo haitarudi katika maisha yetu sisi tuliokaa hapa.

Ndiyo maana nasema tuache kuishi kwa miradi. Mradi una tarehe ya kuisha, ulinzi wa msitu hauna. Huu ndio msitu wa mvua wa aina ya Kongo uliobaki Kenya, na tumeukuta umeshapungua sana.

Jirani zetu walilifikiria jambo hili mapema. Uganda ilianzisha mfuko wa amana wa Bwindi na Mgahinga mwaka 1994, kwa mtaji wa takriban dola milioni 4 uliotoka Mfuko wa Mazingira wa Dunia kupitia Benki ya Dunia. Mtaji huwekezwa, na faida yake ndiyo inayosaidia jamii zinazopakana na msitu, utafiti na hifadhi yenyewe. Tanzania nayo ilisajili mfuko wa namna hiyo kwa Milima ya Tao la Mashariki mwaka 2001. Mifuko hii ina udhaifu wake, maana masoko yakiyumba faida hupungua. Hata hivyo, faida iliyopungua ni afadhali kuliko posho iliyokatika kabisa.

Costa Rica walipita njia nyingine. Kwa sheria yao ya 1996, mwenye shamba anayetunza msitu hulipwa, na sehemu ya fedha hizo hutoka kwenye kodi ya mafuta ya magari. Mimi njia hii inanivutia zaidi, kwa kuwa anayefaidika ndiye anayelipa. Sisi tuna Isiukhu inayoingia Nzoia, tuna Yala inayokwenda hadi Ziwa Victoria. Walio chini ya mito hiyo wanakunywa na kumwagilia kwa maji yanayopita kwetu, na hakuna senti ya ankara zao inayorudi kwa anayelinda miti. Kamati imeanza kuandaa ombi kwa serikali ya kaunti kuhusu hilo. Sheria ya Misitu ya 2016 inatupa nafasi ya kushiriki katika usimamizi, tusiogope kuitumia.

Kuhusu kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ya ukaa ambayo miti inaihifadhi, madalali wamebisha hodi kwa baadhi yenu. Msitu huu ni ardhi ya umma, na hakuna mwanachama mwenye mamlaka ya kuutilia sahihi. Marekebisho ya sheria ya tabianchi ya 2023 yanataka mradi wa kaboni unaotegemea ardhi uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato baada ya kutoa gharama. Dalali asiyetaka kuzungumzia hilo mbele ya mkutano, mwonyesheni mlango.

Kitalu kiliendelea, na vijana waling'oa mipera iliyokuwa ikivamia nyasi za wazi. Akina mama wa kuni wamefuata vibali vyao vizuri. Mizinga ilitoa asali kidogo kwa sababu ya mvua.

Sasa ombi langu. Kamati inapendekeza fungu la kumi la mapato yetu ya waongoza wageni, miche na asali liwekwe kwenye akaunti ya amana na kununuliwa hatifungani za serikali. Mtaji usiguswe, hata na kamati ijayo. Watia sahihi wawe wanne, wawili kati yao wasiwe wanakamati. Nisiwadanganye: faida ya mwanzo haitatosha kulipa hata skauti mmoja kwa mwaka mzima. Lakini tutakapokwenda kwa kaunti au kwa mfadhili, tutaweza kumwambia aongeze juu ya kile tulichoweka wenyewe, kwenye mfuko ambao hesabu zake ziko wazi.

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Vocha zote ziko mezani, na yeyote anayetaka kuzipitia azipitie kabla hatujapiga kura ya kuinua mikono kuhusu amana.