Kabla hamjafungua sura ya kwanza: barua kutoka Stockholm

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Stockholm, na unisalimie sana mama na watoto. Nimefurahi kusikia kwamba kikundi chenu cha kusoma pale Makadara kimechagua *Roseanna*, riwaya ya upelelezi kutoka Sweden ya Maj Sjöwall na Per Wahlöö, na kwamba wewe ndiwe utakayeongoza mazungumzo. Ni kitabu kizuri mno. Ila kina mahali pengi pa kumkwaza msomaji wa Nairobi, na si kwa sababu ya uhalifu wenyewe, bali kwa sababu ya nchi na ya miaka ile. Tafuta kalamu ndipo uendelee kusoma.

Nianze na nakala. Umesema mko tisa na nakala ni tatu. Zinatosha. Kitabu kina sura 30, kwa hiyo kigaweni mara tatu, sura kumi kumi, mkutane kila baada ya wiki mbili. Nakala moja ihudumie watu watatu, kila mmoja akae nayo siku nne. Zinabaki siku mbili za kumsubiri aliyechelewa. Msigawe kwa kurasa. Nakala za mitumba za Tom Mboya Street na zile mpya hazilingani, na mtu akisema "tazameni ukurasa wa 96" nusu ya kikundi itakuwa inatazama jambo jingine kabisa. Tajeni sura. Na atakayemaliza mapema asidokeze lolote, hata kwa kutikisa kichwa.

Sasa jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Msikihukumu kitabu hiki kwa yale mnayoyajua ninyi. Kihukumuni kwa yale ambayo polisi walikuwa nayo mkononi siku ile. Chukua karatasi ya manila, uigawe safu nne: wamejua nini, wamekijua kutoka kwa nani, lini, na je, kimethibitishwa au bado ni neno la mtu tu. Kila mkutano mjaze safu hizo kabla ya mtu yeyote kutoa maoni.

Mkutano wa kwanza karatasi itakuwa karibu tupu. Mtaandika kwamba maiti ya mwanamke imeopolewa mferejini tarehe 8 Julai, Borenshult, karibu na mji wa Motala. Pa jina mtaacha wazi, na pataendelea kuwa wazi mpaka watu waanze kunung'unika kwamba hadithi inakokota. Hapo ndipo uwaulize: wewe ungeanzia wapi kutafuta jina la mtu ambaye hakuna hata mmoja nchini aliyeripoti kwamba amepotea? Jibu hatimaye linatoka Lincoln, Nebraska, Marekani. Marehemu ni Roseanna McGraw, mtalii aliyekuwa akisafiri kwa meli kwenye mfereji huo. Miezi mitatu imekwisha, na mpelelezi Martin Beck ana jina hilo, pamoja na watu 85 wa meli hiyo ambao yeyote kati yao angeweza kumnyonga. Hakuna kompyuta, hakuna simu ya mkononi. Swali linavuka bahari na jibu linangojewa. Anayelalamika kwamba polisi hawa ni wazembe mwambie aoneshe kwenye karatasi ni siku gani walikuwa na habari wakaacha kuitumia. Mara nyingi hataipata.

Baadaye polisi wanaanza kukusanya picha walizopiga abiria wa meli, watu ambao wameshatawanyika kila mmoja kwao. Sehemu hii watu huipita haraka, na mimi nadhani ndiyo roho ya upelelezi wote. Fanyeni zoezi: kusanyeni picha kama ishirini za harusi moja, kutoka simu nne au tano tofauti. Zipangeni kwa saa. Halafu msiwatazame maharusi. Mchagueni mtu mmoja aliyetokea nyuma kwa bahati, labda mwanamume mwenye koti la kijivu karibu na spika, mfuate alikokuwa saa saba, saa nane, saa tisa, na alikuwa karibu na nani. Mtaona jinsi picha ambayo mpigaji hakuikusudia inavyosema mengi, na jinsi saa ya simu moja ikikosewa mlolongo mzima unavyopinda.

Mfereji nao unahitaji maelezo, maana huko kwetu hatuna wa namna hii. Mfereji wa Göta ulifunguliwa mwaka 1832, una urefu wa kilomita 190 na vyumba vya maji 58 vya kupandishia na kushushia meli. Chumba ni kama hodhi refu la mawe lenye milango mizito mbele na nyuma. Meli ikitaka kupanda inaingia, mlango wa nyuma unafungwa, maji yanaachiliwa kutoka upande wa juu, na meli inainuka pamoja nayo mpaka ilingane na sehemu inayofuata. Ndipo mlango wa mbele unafunguliwa. Borenshult vipo vitano mfululizo kama ngazi, vinapandisha meli zaidi ya mita 15. Kazi hiyo ni ya polepole, na abiria wanaweza kushuka na kutembea kando ya mfereji. Kwa hiyo swali la nani alikuwa melini saa fulani si jepesi kama la nani alikuwa ndani ya ndege. Tope nalo hujaa chini, na lazima lichotwe kwa mashine. Kitabu kinaanza na mashine hiyo.

Tena mwanga. Kwenu jua halichezi mbali na saa kumi na mbili mwaka mzima. Stockholm mwanzoni mwa Julai linachomoza kabla ya saa kumi alfajiri na kuzama karibu saa nne usiku, na hata likizama giza halikolei. Kwa hiyo shahidi akisema alimwona mtu saa tatu na nusu usiku juu ya meli, msimkatalie. Hadithi inaendelea mpaka majira ya baridi, na mwezi wa Desemba mambo yanageuka: jua linatoka saa tatu kasorobo asubuhi, na kabla ya saa tisa alasiri limezama. Sura za mwisho zisomeni mkikumbuka giza hilo.

Kuna atakayesema magari ya Sweden hupita kulia. Leo ndiyo. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1965, na nchi ilihamia kulia tarehe 3 Septemba 1967. Katika riwaya hii wanapita kushoto kama sisi.

Kuhusu polisi, wengi watauliza kwa nini mpelelezi wa Stockholm anakwenda kuchunguza kifo cha Motala. Kulikuwa na kikosi cha taifa cha kuchunguza mauaji, kilichoitwa kusaidia polisi wa wilaya, kama vile wapelelezi wa makao makuu ya DCI, idara yetu ya upelelezi, pale Kiambu Road wanavyotumwa kaunti. Tofauti ni kwamba polisi wa Sweden walikuwa wa miji mpaka mwaka 1965, ndipo wakawekwa chini ya dola. Sheria pia inatofautiana. Kwetu Katiba, kifungu cha 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kazi inayofuata, na inampa haki ya dhamana isipokuwa kuwe na sababu nzito. Sweden hakuna dhamana ya fedha kabisa: mtu anazuiliwa au anaachiliwa. Na kwenye kesi nzito mwendesha mashtaka ndiye anayeongoza uchunguzi mara mtu fulani anaposhukiwa, wala hangoji faili imfikie. Waambie wanachama wasitumie neno "muuaji" hata kidogo mpaka mwisho. Ni mshukiwa, na akifunguliwa mashtaka ni mshtakiwa. Neno likiteleza, na fikira zinateleza nalo.

Majina matano ya wapelelezi yanatosha ukutani: Beck, Kollberg na Melander wa Stockholm, Ahlberg wa Motala, Kafka wa Lincoln. "Berg" hutamkwa karibu na "beri", na Motala ni "Mutala".

Ndani ya kitabu kuna mahojiano yaliyoandikwa swali kwa jibu, yale ambayo Kafka alifanya Marekani. Msiyasome kimya. Mmoja awe mpelelezi, mwingine shahidi, na wa tatu aandike ni swali gani lililofungua mdomo wa shahidi na lipi lililoufunga. Dakika ishirini tu, na mtapata mengi kuliko kwa saa nzima ya kubishana.

Aya hii ni yako peke yako, usiwasomee wenzako kabla ya mkutano wa tatu. Polisi wanamtumia askari mwanamke kama chambo. Mtego unafanya kazi, lakini wenzake wanachelewa, na nusura auawe. Hapa usikubali watu waishie kusema "bora walimpata". Sheria ya Sweden ya leo hutenganisha mambo mawili: polisi kumpa mtu nafasi ya kudhihirisha ushahidi wa kosa alilokwisha kutenda, na polisi kumsukuma atende kosa jipya. La kwanza linaweza kuruhusiwa, la pili ni marufuku. Waulize mtego huu uko upande gani, kisha nani aliamua kiasi cha hatari, na kama yule mwanamke alielezwa yote kabla ya kukubali. Rudini kwenye karatasi ya manila: bila mtego, safu ya nne ilikuwa na nini cha kupeleka mahakamani? Mimi naona kilikuwa kidogo mno, na bado naona walimhatarisha kupita kiasi.

Watu watataka kuzungumzia kesi za nyumbani, na ni haki yao. Wape nusu saa ya mwisho, si mwanzo, maana zikianza hazirudi nyuma. Kesi ya jirani iliyo mahakamani msiiguse.

Ndani ya bahasha nimekunja ramani ya mfereji. Motala nimeizungushia wino mwekundu, ufukweni mwa ziwa Vättern. Ibandikeni kando ya manila, na mkutano wa kwanza ukiisha uniandikie safu ya nne imejazwa nini.

Ni mimi dada yako anayekupenda.