Njia Fupi Si Lazima Iwe Njia Bora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nichangie makala mliyochapisha kuhusu mitandao ya redio inayojiunda yenyewe, ambamo kila kifaa hupokea pakiti (vipande vya data) za jirani yake na kuzipitisha mbele bila kutegemea mnara. Mwandishi alieleza vizuri manufaa ya mitandao hiyo pale minara inapoangushwa na tetemeko au mafuriko, ila sikubaliani naye anaposema kwamba itifaki bora (yaani kanuni ambazo vifaa hufuata) ya kuchagua njia ni ile inayopata njia yenye miruko michache kabisa, mruko ukiwa ni hatua moja ya pakiti kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Itifaki zinazotajwa sana ni AODV na OLSR, ambazo IETF, jumuiya inayoandaa viwango vya intaneti, ilizichapisha zote mwaka 2003. AODV haitafuti njia mpaka pawepo ujumbe wa kutumwa, ilhali OLSR huziandaa mapema, kila kifaa kikijitambulisha kwa majirani kila baada ya sekunde 2. Wino mwingi umemwagika kuzilinganisha, lakini zote mbili zilipima urefu wa njia kwa kuhesabu miruko.

Tatizo ni kwamba anayetaka miruko michache huishia kuchagua majirani wa mbali, na mawimbi ya jirani wa mbali ndiyo yaliyodhoofika. Zaidi ya hayo, katika Wi-Fi matangazo ya kujitambulisha kwa kawaida hutumwa kwa kasi ndogo, kwa hiyo husikika mbali kuliko pakiti za data, ambazo hutumwa kwa kasi kubwa na kuhitaji mawimbi yenye nguvu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walilieleza jambo hili mwaka 2002: jedwali la njia lililomo ndani ya kifaa linaonyesha kwamba njia ipo, na data haipiti.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Mruko unaopoteza nusu ya pakiti huhitaji, kwa wastani, kutuma mara 2 ili pakiti moja ifike. Njia ya miruko 2 ya aina hiyo hugharimu kutuma mara 4, wakati njia ya miruko 3 isiyopoteza kitu hugharimu mara 3 tu. Huo ndio msingi wa kipimo cha ETX, yaani idadi ya mara za kutuma zinazotarajiwa ili pakiti ifike, kilichotolewa na watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2003, na toleo la pili la OLSR, la mwaka 2014, liliruhusu vipimo vya namna hiyo.

Ni haki niongeze kwamba ETX nayo ina udhaifu wake, kwa sababu ubora wa mruko hupimwa kwa muda, na kifaa kinachotembea huwa kimekwisha kuhama kabla kipimo hakijakamilika. Watafiti wa Microsoft walionyesha mwaka 2004 kwamba mtumiaji anapotembea, kuhesabu miruko kunaweza kushinda. Kwa hiyo naomba makala zenu zijazo, kila zinapoisifu itifaki fulani, zieleze pia vifaa vilitembea kwa kasi gani, na kama majaribio yalifanywa kwa redio halisi au kwa programu ya kuigiza tu.

Msomaji wenu,
Mhandisi wa mawasiliano ya redio