Maji ya kufulia yanaishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumzie maji ya kufulia.

Jumamosi iliyopita nilifua blanketi jekundu la mtoto, haya ya manyoya tunayonunua Mlango Mmoja. Badala ya kumwaga maji mtaroni kama siku zote, nilifunga kipande cha kanga kuukuu mdomoni mwa ndoo nikayamimina taratibu. Juu ya kanga ukabaki utando mwekundu, laini kama wa maziwa yaliyochemka. Nilipoukwangua kwa kidole nikapata kidonge cha ukubwa wa punje ya mahindi. Hilo ni blanketi moja tu.

Yale si manyoya ya kondoo. Ni poliesta, yaani plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Jezi za Simba na Yanga ni hivyo hivyo, na masweta mengi ya mitumba (na sisi Kanda ya Ziwa ndio wakulima wa pamba!). Mtaro wetu unaishia Ziwa Victoria.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulichukua sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza. Katika kila samaki watano, mmoja alithibitishwa kuwa na plastiki tumboni, na poliesta ilikuwamo. Utumbo wa sangara tunautupa. Dagaa je? Huyo tunamla mzima, na kichwa chake.

Najua nitaambiwa shida ni chupa na mifuko. Sawa, lakini chupa ikielea mtu anaiokota.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni madobi wa mashine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walikadiria mwaka 2016 kwamba kilo sita za nguo za akriliki, nayo ni plastiki ya uzi, zikifuliwa mara moja kwa mashine zinaweza kutoa nyuzi zaidi ya 700,000. Mtaani kwetu yupo dobi ambaye bomba lake limetoboa ukuta na kumwaga mtaroni moja kwa moja. Ukipita unajua leo amefua nguo za rangi gani. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020 ya kutaka mashine mpya za kufulia ziwe na kichujio. Jiji na Manispaa ya Ilemela wanaweza kuanza na dogo: kabla ya kumpa dobi leseni, waulize bomba lake linaishia wapi na limefungwa kichujio gani.

Sisi wa beseni tuna kanga kuukuu. Haizuii kila uzi, nyembamba zaidi zinapita. Ila brashi ngumu tuiache, inachuna nguo. Na jezi iliyovaliwa saa moja kuangalia mpira, kuianika kwenye upepo kunatosha.

Kidonge changu nilikikausha nikakitia kwenye mfuko wa taka unaosubiri gari. Mwenye njia bora zaidi ya kukitupa naomba aniandikie kupitia gazeti hili.

Mama wa watoto watatu,
Igogo, Mwanza