Kuhusu lile neno la matangani

Rafiki yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo! Mimi ni Mlutheri, lakini kwako nimeshazoea kuanza hivyo. Huku Moshi hatujambo, ila watoto wana mafua na mvua zinatuchezea. Pole tena kwa msiba wa Bibi. Mungu awatie nguvu, hasa mama.

Barua yako nimeipata. Lile neno la baba yako mdogo, kwamba Bibi alikuwa mtu mwema ila hakuwahi kuokoka, hivyo wema wake wote umepotea bure, limenikera hata mimi niliye mbali. Kuna mambo ambayo hata kama mtu anayaamini, hayasemi mbele ya wafiwa. Lakini umeniuliza kama hayo ndiyo tunayofundishwa sisi watu wa Luther, na swali hilo sitalikwepa.

Kwenye mafundisho ya kipaimara tulikaririshwa Waefeso 2:8: “Kwa maana mmeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani.” Tukaongeza na wa tisa, kwamba si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Wengi huishia hapo. Mstari wa kumi, unaosema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, hauna wa kuukariri, wakati Paulo aliuandika kwa pumzi ileile.

Sasa mtazame baba mdogo. Anadhani anaitetea neema, kumbe kuokoka kwenyewe amekugeuza kuwa tendo: lazima usimame mbele ya watu, uongozwe sala ya toba, uikumbuke na tarehe. Asiyefanya hivyo, hana. Hiyo si imani ya Paulo, ni sharti jipya. Yule mhalifu msalabani alisema tu, “nikumbuke”, akaahidiwa peponi siku ileile. Siudharau uamsho, usinielewe vibaya. Ule uliotokea Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 hadi ukafika huko kwenu Bukoba, ulibadilisha watu kweli. Lakini hata wale wazee, mtu alipotangaza ameokoka, walitazamia arudishe alichoiba na apatane na jirani yake. Hawakuridhika na tangazo peke yake.

Na hapo ndipo Yakobo anaposimama, kwenye waraka wake wa Agano Jipya. Luther alimwona mgumu. Mwaka 1522 aliuita waraka huo “wa majani makavu”, yaani usio na uzito, na kwa kweli hapo sikubaliani na mzee wetu. Yakobo anamsema mtu anayemwambia mwenye njaa “enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba”, halafu hatoi kitu. Anaongeza kwamba hata mashetani huamini, na kutetemeka. Imani anayoikataa ni ya mdomoni. Paulo naye anamkataa anayetaka kujinunulia haki mbele za Mungu. Wote wawili wanamtaja Ibrahimu: Paulo anaanzia Mwanzo 15, pale alipoamini ahadi, Yakobo anatufikisha sura ya 22, pale imani hiyohiyo ilipopandishwa mlimani pamoja na Isaka.

Mapadre wenu na wachungaji wetu waligombana juu ya haya kwa karne nyingi. Mtaguso wa Trento, ule mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitoa hukumu zake dhidi ya mafundisho yetu mwaka 1547. Lakini tarehe 31 Oktoba 1999, kule Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja: tunakubaliwa na Mungu kwa neema pekee, kwa kuiamini kazi ya Kristo, si kwa stahili yetu, na Roho Mtakatifu hutuwezesha kutenda mema. Si kwamba kila kitu kimekwisha, lakini hili walikubaliana. Wamethodisti wakajiunga 2006. Inaonekana habari hizo hazijamfikia baba mdogo.

Na wewe pia nikuguse kidogo, usinikasirikie. Umeandika kwamba Mungu atamhesabia Bibi wale yatima aliowalea. Hapo umemfungulia daftari la dukani, na mimi sidhani Bibi angelitaka. Soma Mathayo 25 tena. Wale wa mkono wa kuume wanashangaa: “Bwana, ni lini tulipokuona una njaa, tukakulisha?” Hawakuwa na hesabu yoyote. Bibi ninayemkumbuka ni yule aliyekuwa akishika rozari jioni huku akiuliza nani hajala. Ukimsifia watoto wale, alikuwa anabadilisha mazungumzo. Hukumu si yangu wala ya baba mdogo, lakini mimi namkabidhi kwa Kristo bila wasiwasi.

Usimjibu baba mdogo kwenye simu, mtagombana. Msubiri aje kwenye misa ya arobaini, nami nitakuwepo. Msomee ule mstari wa kumi, kisha mpe chakula. Niandikie basi la kutoka huku linafika saa ngapi siku hizi, na kama nije na mchele au mmeshanunua.

Wako katika Kristo,
Rafiki yako wa Moshi